Radhi Moja ya Bi Kasa

Hapo zamani, katika bahari hii hii mnamooga kila siku, palikuwa na chazo mmoja asiye na mtu. Chazo mnamjua? Naona wengine mnatikisa vichwa na hamjui lolote, basi nitaeleza. Ni samaki mwembamba, urefu wake kama mkono, na juu ya utosi ana kibandiko chenye mistari mistari kama soli ya kandambili. Kwa kibandiko hicho humshika papa, au nyangumi, au kasa, akaenda naye popote aendapo. Hamnyonyi damu wala hamtafuni ngozi. Anakula makombo yake, anamtoa wadudu, wanaishi. Chazo ambaye hajamshika mtu hana kwao. Ukimuuliza anaishi wapi, hana jibu, anapelekwa na maji tu.

Huyu wetu alikuwa na la zaidi. Alikuwa na kamba mkiani.

Kamba hiyo aliifunga Shekuwe, mwinda kasa wa kisiwa kimoja kidogo, na jina la kisiwa sikumbuki kwa hiyo msinisumbue. Watu wa kisiwa hicho hawakuwinda kasa kwa nyavu wala kwa chusa. Waliwinda kwa chazo. Unamkamata angali mdogo, unamfunga kamba nyembamba kwenye shina la mkia, unamfuga ndani ya kizimba cha mawe ufukweni, maji yakiingia na kutoka. Siku ukitaka kasa unampakia kwenye mtumbwi, unampeleka kwenye majani ya bahari wanakolisha kasa, unamtia majini na kumlegezea kamba. Yeye mwenyewe atakwenda kutafuta wa kumshika. Akishika haachii. Wewe vuta, kasa atakuja.

Na walikuwa na adabu zao katika kazi hiyo. Chazo haamrishwi, anaombwa. Shekuwe alimshika kwa viganja viwili, akamwambia, "Ndugu yangu, nenda katafute mwenzio," ndipo akamwachia. Na kasa akichinjwa, fungu la kwanza la nyama, kabla ya watu wa nyumbani, lilikuwa la chazo.

Sasa mfikirieni huyo chazo. Tangu atiwe kizimbani alikuwa amejibandika kwenye mawe, na jiwe halipumui. Siku ya kwanza alipotiwa majini akamwona kasa, akamkimbilia, akashika. Akausikia moyo wa kasa ukigonga, du, du, du, mpaka ndani ya kichwa chake. Akasema, kumbe hivi ndivyo wenzangu wanavyoishi. Hakupata muda wa kufurahi sana. Kamba ikakaza, kasa akaja. Jioni alitupiwa nyama kizimbani, akala, maana alikuwa na njaa na hakuijua ni nyama gani.

Mara ya pili akashika. Akausikia moyo. Kamba ikakaza, kasa akaja. Akala.

Mara ya tatu akashika. Akausikia moyo. Kamba ikakaza, kasa akaja. Jioni ile alipotupiwa nyama aliitazama inavyozama polepole mbele yake, akajua ni nani. Hakula.

Kuanzia hapo kila akitiwa majini alikwenda moja kwa moja chini akajibandika kwenye mwamba. Akiona kasa anapita alifumba macho. Siku tano alifanya hivyo, na siku tano Shekuwe alivuta kamba akampata chazo mtupu. Angempiga, au angemtupa, lingekuwa jambo jepesi. Lakini Shekuwe hakuwa mtu wa namna hiyo. Alimpakata, akamtazama machoni, akamuuliza, "Unaumwa, ndugu yangu? Au nimekukosea?" Chazo akazidi kuumia, maana huyo ndiye kiumbe pekee duniani aliyekuwa akimsemesha.

Siku ya sita asubuhi, Shekuwe alikaa kwenye mtumbwi muda mrefu bila kumtia majini. Akasema, "Nikwambie ukweli. Nyumbani kwangu hali si nzuri. Mke wangu, Mwanatumu, kifua kimembana tangu mwezi uliopita. Mchana kutwa anakaa kitako, akijilaza tu pumzi haipandi. Mafuta ya kasa ndiyo yanayomfungua, na chupa imebaki harufu. Hatukujaaliwa mtoto. Nyumba yetu ni watu wawili, na akiondoka mmoja hiyo si nyumba tena. Siwezi kukulazimisha, nakuomba tu. Nenda katafute mwenzio."

Akamtia majini.

Chazo akashuka, na maneno yale kifuani. Alipofika kwenye majani akamkuta kasa mmoja mkongwe, jike, analisha peke yake. Jicho la kushoto lilikuwa limeingia ukungu. Gamba lake lilikuwa kuukuu, lisilo na kitu juu yake, ila hapo nyuma ya shingo palikuwa na kidude kimoja cheupe, kigumu, kama kijumba cha mawe kilichochongoka. Wapo wadudu wa bahari wa namna hiyo, wanaoota juu ya kasa na nyangumi. Jina lake Kigaga, kwa vile ameganda kama kigaga cha kidonda.

Chazo hakusogea. Alizunguka kwa mbali.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona wanizunguka kama mtu aliyekuja kuposa na hajui aanzie wapi? Sogea."

"Siwezi kusogea, bibi. Nina kamba mkiani. Watatu nimewashika, na wote watatu wameliwa. Tafadhali nenda zako kabla sijashindwa."

Bi Kasa akatafuna majani yake mpaka akayamaliza. Kasa hana haraka. Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Na mimi nikwambie yangu. Nilikuwa na machazo wawili, nilipoanza kwenda polepole wakamfuata mwingine. Watoto nimewafukia mchangani, mamia, na sijaujua uso wa hata mmoja. Huu ni mwaka wa kumi na moja sijaguswa na mtu. Watu husema utazoea. Adhabu ya kaburi aijua maiti, mwanangu."

"Kumi na moja hiyo na mimi nimo," sauti ndogo ikasema.

Chazo akageuka huku na huku. "Nani huyo?"

"Nani yupi?" akauliza Bi Kasa. Hakusikia kitu.

"Mimi hapa, juu," ikasema sauti. Alikuwa Kigaga. "Yeye hanisikii. Nimeotea kwenye gamba, na gamba lake limekufa ganzi. Nilimshukia nikiwa mdogo kama chembe ya mchanga, nikaganda. Wewe mwenzangu unashika ukitaka, unaachia ukitaka. Mimi nikishika ndiyo basi. Kila kukicha namwamkia. Akiumwa nampa pole. Hajaniitikia hata siku moja."

Chazo akaona haya, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. Akasema, "Bibi, kuna mtu mgongoni mwako anakuamkia."

"Kile kidude?" akasema Bi Kasa. "Huyo si mtu, mwanangu. Huo ni uchafu wa gamba tu, ulianza kuota mwaka ule niliougua jicho."

Kigaga akasikia yote hayo. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Akafunga kijumba chake, na chazo akadhani ameshakufa kwa uchungu. Baadaye kikafunguka tena kidogo.

"Mwambie hivi," akasema Kigaga. "Kingo zangu ni kali kama wembe. Njoo ushike hapa ubavuni kwangu, kamba ipite juu ya mdomo wangu. Yule bwana akivuta, kamba itajikata yenyewe. Mimi huenda nikavunjika, lakini itakatika. Wewe utakuwa huru, na bibi atakuwa na mtu wa kumgusa."

"Na wewe utapata nini?"

"Kamba ikikatika aniite kwa jina langu, Kigaga. Mara moja inanitosha."

Chazo akayafikisha maneno kama yalivyo. Bi Kasa akacheka mpaka mapovu yakamtoka puani. "Kumbe uchafu una akili kunishinda. Haya. Kamba ikikatika nitamwita hata mara mia. Njoo, mwanangu, shika."

Hapo moyo wa chazo ukawa pande mbili. Alimkumbuka Mwanatumu anayekaa kitako mchana kutwa. Lakini alikuwa mpweke, wandugu, na mpweke akikaribishwa hafikiri sana. Akaenda, akashika pale pale alipoambiwa, ubavuni kwa Kigaga. Wakakaa kusubiri.

Basi pale juu ya gamba hapakuwa na moyo. Akatega sikio, asisikie kitu. Gamba nene, baridi, sawasawa na mawe ya kizimbani. Akangoja tena kidogo, kimya vile vile. Akasema, maisha yangu yote nimeshika mawe, na leo nimekaribishwa kwa mara ya kwanza, nishike jiwe tena? Niende chini kidogo tu, pale kwapani kwenye ngozi laini. Nimsikie mara moja, halafu nirudi.

"Usiende," Kigaga akamwambia.

"Narudi sasa hivi."

Akaachia, akateleza mpaka chini ya kwapa la Bi Kasa, akashika. Du, du, du. Moyo ulikuwa mkubwa na wa polepole. Na Bi Kasa, ambaye kwa miaka kumi na moja ngozi yake ilikuwa haijaguswa na kitu chenye uhai, akafumba jicho lake zima. "Hapo hapo, mwanangu," akasema. "Kaa hapo kidogo."

Kigaga akapiga kelele kwa nguvu zake zote ndogo. "Rudi! Kamba inatambaa!"

Chazo alimsikia? Nisiwafiche, alimsikia vizuri sana. Akasema moyoni, bado kidogo.

Kamba ikakaza. Ilipita chini, upande wa tumbo, mbali kabisa na mdomo wa Kigaga.

Bi Kasa alikuwa mzee lakini alikuwa mkubwa, na kamba ile ilikuwa nyembamba. Angejirusha mara tatu ingekatika. Hakujirusha. Alijua akijirusha atamtupa chazo, na hakutaka kumtupa. Akapanda juu taratibu, akiwa amefumba jicho.

Sasa sikieni kosa la watu wa kisiwa kile. Wao walisema kasa anayepigana ana kazi yake duniani, na akikata kamba usimfuate. Lakini kasa anayekuja bila kupigana amejitoa. Ameona shida yako akaja kwa hiari yake. Shekuwe alipoona kamba nyepesi mkononi, na kasa mkubwa anapanda kimya, machozi yakamtoka. "Amejitoa kwa ajili ya Mwanatumu," akasema. Wapi! Bi Kasa wala hakumfahamu Mwanatumu.

Akampakia, akamlaza chali mtumbwini. Chazo akawekwa kwenye maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi, karibu na kichwa cha Bi Kasa. Kigaga yeye alibanwa chini, baina ya gamba na ubao, ameshaanza kukauka.

Na hapa pana jambo lazima mlijue, la sivyo hamtaelewa nitakachowauliza. Kasa anayekufa ana radhi moja. Radhi humtoka kwa pumzi moja nzima, akimtaja kwa jina yule anayempa, na kasa aliyelazwa chali nje ya maji, uzito wake mwenyewe ukimkandamiza, anayo pumzi moja tu ya namna hiyo. Chazo akikaribishwa na kasa, kisha kasa huyo akafa kwa kamba yake bila kumpa radhi, makasa wengine wote watalinusa kosa hilo majini na kumkung'uta kila atakapowakaribia, mpaka afe peke yake. Na mwinda kasa asipopewa radhi, mafuta huvunda ndani ya chupa kabla ya siku ya tatu, yasimfungue mtu kifua. Ndiyo maana mwinda kasa, kabla hajafika ufukweni, humwosha kasa uso kwa maji ya kisima na kumwomba.

Shekuwe akaweka kasia chini. Akachota maji ya kisima mtungini kwa kata, akamwosha Bi Kasa uso, jicho zima na jicho bovu.

"Bibi," akasema, "mimi ni Shekuwe, niwie radhi. Sikukuchukua kwa tamaa. Ningeweza kumpa mke wangu pumzi kutoka kifuani kwangu mwenyewe ningempa. Sijui kuishi bila yeye, hata kupika sijui. Nikirudi na mafuta yasiyo na radhi, nitakuwa nimekuua bure, na yeye nitamzika. Nakuomba."

Wanyama husikia maneno yetu, sisi ndio hatusikii yao. Bi Kasa akasikia. Hakujibu, akiihifadhi pumzi yake.

Chazo naye akasema, "Bibi, kosa langu nalijua na sitalipamba. Niliambiwa nisiende, nikaenda. Niliambiwa nirudi, nikakaa. Lakini kumbuka mimi ndiye niliyekwambia uende zako. Mimi ndiye niliyekaa mbali. Wewe ulinikaribisha, na wewe uliniambia nikae hapo kidogo. Katika maisha yangu yote ni wewe tu uliyenikaribisha. Ukiniacha bila radhi hakuna atakayenikubali tena. Nitarudi kwenye mawe, nife kwenye mawe."

Kutoka chini, sauti ikaja, hafifu. "Chazo. Mwambie na yangu."

 Aliyemsikia Kigaga alikuwa chazo peke yake. Asingesema, waombaji wangebaki wawili, na mmoja kati yao ni binadamu mwenye kisu. Mtumbwi ukayumba, maji yakampiga usoni. Akatazama jicho zima la Bi Kasa nalo likamtazama.

"Bibi," akasema mwishowe, "yule wa mgongoni naye ana neno."

"Sema hivi," akasema Kigaga, na chazo akarudia neno kwa neno. "Mimi nilikuwa tayari kuvunjika mdomo kwa ajili yako. Nilimkataza asiende, nilimwita arudi. Wao wote wawili wataishi kesho, mimi nakufa na wewe leo hii, juu ya gamba lako, juani. Sina kasa mwingine wa kunikubali wala kunikataa. Radhi yako haitaniongezea hata siku moja. Lakini nimekuwa na wewe miaka kumi na moja na ukaniita uchafu. Nataka nife nikiwa nimetajwa."

Chazo alipomaliza kuyasema hayo akaongeza la kwake, kwa kuwa na yeye alikuwa akiogopa. "Lakini bibi, shauri la mimi kukushika lilikuwa lake. Mimi nilikuwa nimekaa mbali."

"Ni kweli," Kigaga akasema. "Mwambie ni kweli. Nilitaka kutajwa kupita kiasi, nikakuleta wewe na kamba yako. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguo yake." Chazo akayafikisha na hayo.

 Bi Kasa akamtazama Shekuwe, aliyepiga magoti na kata tupu mkononi. Akamtazama chazo, anayetweta kwenye maji haba. Akajaribu kugeuza shingo atazame mgongoni mwake, mahali ambapo hakuwahi kupatazama, na shingo haikufika.

Kisha akavuta ile pumzi yake moja, ndefu, mpaka kifua kikapanda. Akafumbua mdomo, akataja jina moja.

Ni jina gani? Aliyenisimulia mimi hakuniambia, na nilipomshika mkono kumuuliza alinitoa mkono. Kwa hiyo msinishike mimi. Semeni nyinyi, na kila mmoja aseme kwa sauti ili hao wawili watakaokosa wajue aliyewanyima ni nani. Mwanatumu amekaa kitako anasubiri chupa. Chazo anasubiri kujua kama atashika mtu tena. Kigaga anakauka.

Je, nani alistahili radhi ya Bi Kasa?